Mtera ya Sebuleni

Neno mgao lilikuwa neno la kupata. Nyama ya shughuli ilikuwa na mgao, mirathi ilikuwa na mgao, na ile miaka ya mwanzo ya 1980, miaka ya foleni kwenye maduka ya ushirika, mgao ulikuwa kilo ya sukari na mche wa sabuni, jina lako likawekewa tiki daftarini. Aliyekosa mgao ndiye aliyelalamika. Ikaja 1992, maji ya Mtera yakapungua, umeme ukaanza kuzimwa kwa zamu, mtaa huu leo na ule kesho. Tangu hapo ukimwambia Mtanzania "kuna mgao", anajua kwamba hapati. Neno limepinduliwa kichwa chini miguu juu, tena mchana kweupe.

Nimeanza na neno kwa sababu najua hapa tunasomana watu wa riwaya na mashairi, na makala yenyewe inahusu hesabu. Msikimbie. Ni hesabu ambayo kila nyumba ya Ifakara yenye paneli juu ya bati imeipiga, au imepigiwa na fundi, au haikuipiga kabisa ikaja kuzimikiwa saa mbili usiku: jua kiasi gani, betri kubwa kiasi gani, taa ngapi. Hesabu hiyo haikuzaliwa na sola. Ilipigwa kwanza mtoni, Kidatu, kilomita zisizofika 80 kutoka Ifakara. Na huko mtoni ilipokwenda mrama, waliotozwa gharama hawakuwa wale walioshika kalamu.

Bonde la Kilombero limepimwa sana. Mwaka 1929 Alexander Telford aliandika ripoti kwa serikali ya kikoloni juu ya namna ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1935 wakafuata A. T. na G. M. Culwick, mtu na mkewe, na kitabu chao Ubena of the Rivers, ambacho kwa wapenzi wa vitabu kina utamu wa peke yake, maana kuna sura ndani yake iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, mtawala mwenyewe wa Wabena wa mabondeni. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel akafungua maabara Ifakara kuchunguza magonjwa. Mwaka 1961 FAO ikatoa mabuku yake juu ya bonde zima la Rufiji, maji yake, udongo wake, mahali panapofaa bwawa. Kati ya 1970 na 1975 Wachina wakapitisha reli ya TAZARA, Ifakara hadi Mlimba na kuendelea. Kila aliyekuja alikuja na futi kamba. Wandamba, waliokuwa wakilima mpunga na kuvua kwenye mafuriko hayo hayo, walikuwa na vipimo vyao: maji yamefika mti gani, samaki gani wameanza kupanda.

Katika wapimaji wote hao, walioacha alama kubwa zaidi ni wa umeme. Kidatu ilianza kuzalisha mwaka 1975, ikapanuliwa 1980, mashine nne, jumla megawati 204. Maji yake si ya Kilombero, ni ya Ruaha Mkuu unaoshuka kutoka Usangu, lakini kituo kipo Kilombero. Kwa miongo kadhaa hicho ndicho kilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote vya maji nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikaongezwa cha Kihansi, megawati 180, maji yakianguka karibu mita 850. (Kihansi ndiko alikotokea yule chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyegunduliwa 1996, akatangazwa kutoweka porini 2009, akarudishwa 2012 akitokea kwenye hifadhi za wanyama za Marekani. Chura amepewa mfumo wa kumnyunyizia maji. Chura huyo anastahili riwaya yake, lakini si leo.) Na sasa kuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, ambalo zaidi ya nusu ya maji ya mto unaolijaza, Rufiji, hutoka Kilombero.

Kwa hiyo nyaya za kilovolti 220 kutoka Kihansi kwenda Kidatu zilikatiza bonde lote, zikapita juu ya nyumba za watu waliokuwa wakiwasha koroboi. Umeme wa aina hiyo huwezi kuuchomoa njiani kama mtu anayeshuka basi. Unahitaji kituo cha kuupoza, na kituo cha kupoza umeme wa laini hiyo pale Ifakara kimekuja miaka hii ya 2020. Katikati ya hapo watu wakaishi na kandili, na karabai kwa wenye uwezo, na baadaye sola.

Turudi kwenye hesabu, tuanze na ile kubwa.

Bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo. Linashika maji kiasi cha mita za ujazo milioni 125. Mashine zote nne zikizunguka kwa nguvu zote, na mto usipoleta kitu, bwawa hilo litakauka kabla wiki mbili hazijaisha. Ruaha si mto wa kuleta maji mwaka mzima kwa kipimo kimoja: masika unafurika, kiangazi unanyong'onyea. Ndiyo maana ikajengwa Mtera, juu kabisa, mpakani mwa Iringa na Dodoma, yenye nafasi ya mita za ujazo zipatazo milioni 3,200 za kutumika. Chukua kalamu ugawanye: kwa mwendo ule ule wa mashine, hiyo ni akiba ya karibu miezi tisa, ukiacha yanayopotea kwa mvuke. Mwanzoni Mtera haikuwa hata na mashine zake. Zilifungwa mwaka 1988. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuweka maji ya masika ili Kidatu iwake kiangazi.

Yaani Mtera ni betri. Ruaha ni paneli, Kidatu ni taa. Na kama betri yoyote, ina kiwango ambacho hutakiwi kushuka chini yake. Mtera ikijaa, uso wa maji uko mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Ukifika mita 690, unatakiwa kuacha kuzalisha. Mita nane na nusu, ndiyo nafasi yote. Wanaokumbuka taarifa za habari za miaka ya 1990 na ile ya 2006 wanakumbuka namba 690 ikisomwa kwa sauti ya kutangaza msiba. Tena ni bwawa pana lisilo na kina kirefu, lililolala kwenye nchi kavu yenye jua kali, kwa hiyo linavuja kwenda juu hata pasipo mtu kugusa kitu. Betri ya zamani iliyokaa sebuleni bila kutumika hufanya hivyo hivyo.

Kwa nini basi betri ya taifa iliisha 1992, ikasumbua tena 1994, 2006, 2011? Jibu lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa ukame, na ukame ulikuwapo kweli. Lakini watafiti wa maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi iliyochapishwa 2003, waliirudia hesabu ya Mtera na Kidatu kwa kompyuta, wakaona kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji yaliachiwa pasipo ulazima, na kwamba mabwawa yale mawili yangeendeshwa kama kitu kimoja, shida ingekuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Kwa lugha ya nyumbani: waliiamini betri wakati imejaa.

Jibu la pili ndilo lililonifanya niandike. Kuanzia 1993 Ruaha Mkuu ukaanza kukauka kabisa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa. Picha za viboko kwenye tope zilimgusa kila mtu. Mtu akiona mto mkavu huku, na bwawa tupu kule, anaunganisha mwenyewe, haambiwi. Juu ya mto, Usangu, kulikuwa na wakulima wa mpunga wa kumwagilia na wafugaji wenye ng'ombe wengi. Wao ndio wakawa sababu ya giza la Dar es Salaam. Shida ni kwamba Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Inajazwa na mafuriko ya masika; maji ya kiangazi ni kijiko ndani ya pipa. Mradi wa utafiti wa Usangu uliofanya kazi kuanzia 1998 ulishalisema hilo. Mwanaanthropolojia Martin Walsh aliandika mwaka 2012 namna hofu hiyo ilivyojengwa na kukomaa mpaka ikawa ukweli wa serikali. Haikusaidia kitu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu na mifugo yao, wakaambiwa waelekee kusini na pwani. Wengine wakaishia wapi? Kilombero. Na mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo Kilombero.

Sisemi ng'ombe hawaharibu ardhioevu. Wanaharibu, na wakulima wa Kilombero watakueleza kwa uchungu. Ninachosema ni kwamba familia zilizofukuzwa kwa sababu ya umeme zilifukuzwa kwa hesabu isiyokuwa sahihi, na wengi wao hawakuwahi kuwa na swichi ukutani.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Sola ya nyumbani Afrika Mashariki mara nyingi huhadithiwa kuanzia Meru, Kenya, mwaka 1984. Mhandisi Mmarekani, Harold Burris, akishirikiana na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins, alifunga sola kwenye shule ya sekondari ya Karamugi, na walimu wakaenda kufunga majumbani kwao. Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, KARADEA pale Karagwe ikaanza kufundisha mafundi. Halikuwa jambo la serikali wala la wakubwa. Kenya ilifika miaka ya 1990 ikiwa na makumi ya maelfu ya paneli ndogo za wati 10 hadi 14, zilizonunuliwa dukani na walimu na wakulima wa kahawa na chai, zikafungwa kwenye betri ya gari na runinga ya rangi nyeusi na nyeupe. Kabla ya hapo wengi wao walikuwa wanabeba betri kwenda kuichaji mjini, kwenye baiskeli au kwenye kiti cha nyuma cha matatu, wakiomba asidi isimwagike.

Wati 14 ni kitu gani? Kwa saa nne za jua kamili, na hasara za njiani ukitoa, ni kama wati-saa 40 kwa siku. Runinga ndogo ya wati 15 inazimaliza kwa saa mbili na nusu. Mtafiti Arne Jacobson, aliyefuatilia nyumba hizo za Kenya, aliona jambo ambalo mama yeyote angemwambia bure: umeme ukiwa mdogo, runinga inakula mbele na taa ya mtoto kusomea inasubiri. Mfumo ukiwa mdogo, mgao unarudi ndani ya nyumba, na mwenye kugawa ni baba.

Na fundi aliyefunga anaporudi kuulizwa kwa nini taa zinazima mapema, atasema nini? "Watoto wanaangalia sana TV." Hiyo ni Usangu ndogo. Paneli ilipimwa kwa jua la Oktoba, betri ikachaguliwa kwa bei, na lawama ikaenda kwa anayekaa juu ya mto.

Jua la Kilombero lina tabia yake. Ifakara iko kwenye nyuzi 8 kusini mwa ikweta, chini kabisa, mita kama 260 juu ya bahari, ukuta wa Udzungwa upande mmoja na miinuko ya Mahenge upande wa pili. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukolea Machi na Aprili. Mawingu ya masika hukaa. Fundi akikupigia hesabu kwa saa tano au sita za jua, amekupigia ya mwezi mzuri. Hesabu ya kujisitiri ni saa nne. Na saa hizo si zile za kuanzia macheo hadi machweo. Ni jua lote la siku, la asubuhi dhaifu na la mchana kali, likiwa limekusanywa na kubanwa kana kwamba liliwaka kwa nguvu zote kwa saa nne kisha likazimwa. Paneli uigeuze kaskazini, uilaze kiasi, usiilaze bapa kabisa, ili mvua iioshe.

Kuna jambo lingine la bonde hili ambalo mabango ya wauza sola hayalijui. Familia nyingi za Kilombero zina nyumba mbili. Moja kijijini, nyingine shambani, kwenye bonde la mafuriko, na mpunga ukishapandwa watu huhamia huko kwa wiki au miezi, kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe, kulala kwenye kibanda au juu ya dungu. Wanarudi mavuno yakiisha, kuelekea Juni. Angalia tarehe hizo. Watu wako shambani miezi ile ile ambayo jua ni chache. Mfumo mkubwa umefungwa kijijini, unachaji betri ya nyumba isiyo na mtu, na walio na giza wako kilomita 10 au 20 kutoka hapo. Wataalamu wa malaria waliligundua hili mapema kuliko watu wa umeme, kwa sababu mbu aliwafuata watu huko huko shambani. Mimi naona familia ya namna hiyo inunue viwili: mfumo wa ukutani mdogo kuliko fundi anavyotaka, na taa ya kubeba yenye paneli yake. Taa ya kubeba haina heshima ya kuonyesha wageni, lakini inapanda dungu.

Kwa kuwa nimetaja mbu, niseme na hili. Watu waliopiga hesabu ya betri kwa nidhamu kuliko wote katika bonde hili pengine ni wale watafiti wa maabara ya Geigy na warithi wake, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kwenye vijiji kama Namawala, tangu miaka ya 1990, walining'iniza mitego ya taa karibu na chandarua ambamo mtu amelala. Mtego una balbu ndogo, kipanga cha kuvuta hewa, na betri ya volti 6. Unawashwa saa moja jioni, unazimwa saa moja asubuhi. Saa 12 kamili. Betri ikifa saa nane usiku, asubuhi mfuko utakuwa na mbu, na mbu hao watahesabiwa, lakini namba itakuwa ya uongo, kwa sababu wanaoeneza malaria hapo wanauma sana usiku wa manane. Kwa hiyo kila betri ilichajiwa kila siku, na ikichoka inatupwa. Mtu wa nyumbani yeye hupewa muda: taa ikififia saa nne, anakwenda kulala. Mtafiti hana pa kwenda.

Basi tupige ya nyumba moja, Ifakara mjini au Mang'ula au Mlimba, nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Taa sita za wati 7, saa tano: wati-saa 210. Runinga ya wati 40 na king'amuzi cha wati 15, saa nne: 220. Simu nne: 40. Feni moja ya kawaida ya wati 50, saa nane za usiku: 400. Jumla 870. Ukigawanya kwa saa nne za jua, na kuacha asilimia 30 za hasara ya joto, vumbi, nyaya na chaja, unahitaji paneli ya wati 310 hivi. Kwa betri ya asidi, ambayo haipendi kushushwa chini ya nusu, na inveta inayokula chake, usiku mmoja unataka ampea-saa kama 170 kwenye volti 12. Dukani watakupa N200. Kwa siku mbili za mawingu, N200 mbili. Ukichukua ya lithiamu, inayokubali kushuka mpaka asilimia 20, kazi hiyo hiyo ya siku mbili inafanywa na moja ya ampea-saa 200.

Tazama ile feni. Karibu nusu ya hesabu yote imekwenda huko. Mtu wa Njombe atasema ifutwe. Lakini Ifakara usiku wa Januari, ndani ya chandarua, hewa haipiti, na mtu akishindwa na joto anakiinua chandarua. Katika bonde hili feni ni kifaa cha malaria, ingawa haiandikwi hivyo popote. Usiifute, ibadilishe: feni ya volti 12 inayotumia wati 20, isiyopitia inveta. Kutoka 400 inashuka hadi 160, jumla inakuwa 630, paneli inashuka hadi wati 225, na betri ya usiku mmoja hadi ampea-saa kama 120. Feni ghali kidogo imekupunguzia zaidi ya robo ya mfumo wote. Wahandisi wa gridi huita jambo hili usimamizi wa mahitaji na huandaa semina.

Joto lenyewe linakula pande mbili. Paneli hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi joto moja juu ya 25, na juu ya bati la Ifakara mchana hiyo ni hasara ya wazi. Betri ya asidi kila ikiongezewa nyuzi 10 za joto, umri wake hukatika nusu. Usiiweke chumba kisicho na dirisha, na kwa nyumba za karibu na mto Lumemo, usiiweke sakafuni. Lumemo ukivimba huingia mjini bila kubisha. Tengeneza kichanja, kama wanavyofanya wazee na mpunga.

Zamani hesabu hizi zilipigwa kinyumenyume. Katika miaka ya 1980 wati moja ya paneli ilikuwa dola kadhaa. Leo haifiki nusu dola. Wakati ule mtu alinunua betri ya gari kwanza, kwa sababu ndiyo aliyoweza, kisha akaunganisha kipande cha paneli kisichoweza kuijaza, na betri ikafa kwa njaa ndani ya miaka miwili. Mafundi wengi walijifunza kazi katika zama hizo na bado wanafikiri hivyo. Siku hizi kosa la kuzidisha paneli ni kosa rahisi kuliko yote. Mawingu ya Aprili yatakushukuru.

Halafu yakaja maboksi. Kuanzia miaka ya 2010, kwa sababu ya M-Pesa na wenzake, kampuni zikaanza kukodisha sola kwa malipo ya kila siku au kila mwezi: M-Kopa Kenya, Off Grid Electric na Mobisol zikianzia Arusha. Mobisol ilitoka Berlin, na mwaka 2019 ikafilisika ikanunuliwa na Engie. Uzuri wa boksi ni kwamba hesabu imeshapigwa na watu wenye akili, na taa hazizimi ovyo. Ubaya ni huo huo. Mpiga hesabu hajui kwamba una nyumba mbili, wala kwamba unalala chini ya chandarua Januari, na swali la nani awashiwe taa halipiti tena katikati ya familia. Limeshajibiwa kwenye katoni.

Mwaka 2024 mambo yaligeuka. Mvua zilikuwa nyingi, Bwawa la Nyerere likaanza kuzalisha, na serikali ikazima baadhi ya vituo vya maji kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Na bado, Aprili Mosi ya mwaka huo, gridi nzima ikaanguka, nchi ikawa giza siku ya Jumatatu ya Pasaka. Kwa walio na laini ya REA mlangoni, hiyo ndiyo kazi ya sola sasa: kusubiri gridi inyanyuke. Hesabu yake ni fupi zaidi. Futa siku mbili za mawingu, weka saa sita za kukatika. Kwa walio ndani zaidi, wasio na laini hiyo, hesabu ni ile ile ya juu.

Kabla hujamlipa fundi, rudi kwenye zile taa sita, uzitaje moja moja. Nimeona orodha nyingi za namna hii. Sebule, vyumba vitatu, baraza, na moja nje kwa ajili ya wezi. Sita zimeisha. Jiko ni lile banda la nyuma, na kule bado kuna tochi ya simu iliyobanwa kwenye fito. Taa ya jikoni, wati 7, saa tatu za kupika na kuosha vyombo, ni wati-saa 21. Kwenye 870 haibadilishi paneli wala betri. Mita sita za waya zinatosha.